Funza, Nzi na Udongo: Istilahi za Mdudu wa Maembe

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka, mvua zinapoanza kunyesha katika nchi ya Unyamwezi, miembe ya Tabora huelemewa na matunda. Miti hii ina historia ndefu. Wenyeji husimulia kwamba mingi yake ilitokana na kokwa zilizoachwa na misafara ya karne ya 19, iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia hapa. Njia hiyo, iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, iliingizwa na Tanzania mwaka 2006 katika orodha yake ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Katika kata ya Kitete, ndani ya Manispaa ya Tabora, miembe imesimama nyuani mwa watu na kando ya barabara, na baadhi yake haina mwenyewe anayejulikana.

Msimu mmoja mwandishi wa makala haya alikuwa Kitete akikusanya majina ya wadudu waharibifu wa mimea kama yanavyotamkwa na wakulima wenyewe. Mzee mmoja alimpasulia embe dodo lililokuwa zuri kwa nje. Ndani nyama ilikuwa imegeuka uji, na humo walijipindapinda wadudu weupe.

"Hawa ni funza, mwanangu," alisema. "Huja na mvua."

Alipoulizwa habari za nzi, alishangaa. "Nzi wako chooni na jikoni. Hawa ni funza."

Mzee huyo alikuwa amewahi kupewa kipeperushi kilichomwagiza anyunyizie dawa ya funza mara awaonapo. Naye alitii. Alipata masalio ya dawa ya pamba kutoka kwa ndugu yake wa Igunga, akainyunyizia miembe yake mitatu, matunda na majani. Maembe yaliendelea kuoza. Lakini baada ya siku mbili jirani yake alikuta nyuki wamelala wafu mbele ya mizinga. "Nilifanya kama nilivyosoma," mzee alisema, kisha akanyamaza. Wazee hao wawili, waliokuwa wakisaidiana kwa miaka mingi, sasa husalimiana kwa mbali.

Mkulima huyu hakuwa mjinga wala mvivu. Alisoma akatenda, na neno alilosoma ndilo lililompoteza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mdudu huyu anavyoishi, kisha kuonyesha istilahi zipi zinafaa kumtaja ili mkulima aione njia ya kumzuia ndani ya maneno yenyewe.

Dhana kwanza, neno baadaye

Kanuni ya kwanza ya kazi ya istilahi ni kuielewa dhana kabla ya kuipa jina. Basi tuanze na mdudu mwenyewe.

Nzi wa matunda ni mdudu wa rangi ya kahawia na manjano, mwenye kiuno kinachomfanya afanane kidogo na nyigu. Jike lake lina kijimrija nyuma ya tumbo. Kwa mrija huo hulitoboa ganda la tunda linaloanza kuiva na kutaga mayai chini yake. Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Wanaotoka humo ndio wale wadudu weupe, nao hula nyama ya tunda kwa muda wa juma moja au zaidi. Mara nyingi tunda huanguka kabla ya wakati wake. Mdudu aliyekwisha kushiba hutoka ndani ya tunda, huchimba udongo kiasi cha sentimita chache tu, na huko hujifunga katika gamba gumu mfano wa punje ya ngano. Baada ya siku zipatazo kumi, nzi mpya hutokeza juu ya ardhi. Nchi ikiwa na joto, safari yote kutoka yai hadi nzi anayeweza kutaga huchukua takriban mwezi mmoja.

Msomaji ataona kwamba mdudu huyu ana makazi matatu: hewani, ndani ya tunda na chini ya udongo. Dawa inayomwagwa juu ya ganda haimfikii aliye ndani ya tunda wala aliye ardhini. Ataona pia kwa nini watu husema funza huja na mvua. Wakati wa mvua maembe huiva kwa wingi na nzi huongezeka, hivyo mambo mawili yanayotukia pamoja hudhaniwa kuwa moja limezaa jingine.

Funza au buu?

Neno funza limebeba mzigo mkubwa mno. Humtaja mdudu aingiaye katika vidole vya miguu, ambaye pia huitwa tekenya. Humtaja mdudu wa nyama iliyooza. Aidha, katika wilaya zinazolima pamba, kama vile Igunga na Nzega, humtaja funza wa vitumba, adui mashuhuri wa zao hilo. Funza wa vitumba ni kiwavi wa nondo, na wakulima wa pamba wamezoea kumpiga kwa dawa ya kunyunyizia. Kwa hiyo mkulima asomapo "funza wa embe", akili yake humpeleka moja kwa moja kwenye bomba la dawa. Neno limemrithisha tiba isiyokuwa yake.

Wapo waliopendekeza lava. Neno hili linatumika shuleni, lakini tayari tunalo kwa maana ya uji wa moto utokao katika volkano. Viluwiluwi nao ni wa majini. Kiwavi ni mtoto wa kipepeo au wa nondo. Linalobaki ni buu, wingi wake mabuu, neno la Kiswahili la tangu zamani linalomtaja mtoto wa nzi. Faida yake ni hiyo hiyo: asemaye buu amekwisha kusema nzi, kama vile asemaye kifaranga amekwisha kusema kuku. Mkulima akiambiwa kwamba ndani ya embe mna buu, swali lake la pili litakuwa kuhusu mama yake.

Neno pupa

Hatua ya ardhini imeandikwa na wengi kwa neno pupa, lililotoholewa kutoka lugha za Ulaya. Hapa lugha imetufanyia mzaha. Kwa Mswahili, pupa ni haraka yenye uroho, na methali yasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Lakini mdudu aliye katika hatua hii hali, hatembei wala haharakishi jambo, amelala akisubiri. Mwanafunzi asomaye kwamba "buu huwa pupa" hulazimika kusahau neno analolijua ili ajifunze jingine.

Neno bundo, ambalo baadhi ya waandishi wamelitumia, halina kasoro hiyo. Linatamkika, lina wingi ulio wazi, yaani mabundo, na halidai maana nyingine katika kichwa cha msomaji. Linafaa kupewa nguvu katika vitabu na vipeperushi. Bila jina lake lenyewe, hatua hii husahauliwa kabisa, na mkulima haambiwi kamwe kwamba adui wa msimu ujao amelala chini ya nyayo zake.

Nzi wapi?

Jina nzi wa matunda limekwisha kuenea, na jina lililokubaliwa na watumiaji halivunjwi pasipo sababu. Lakini linahitaji kulindwa. Watu wengi hulitumia pia kwa vile vinzi vidogo vinavyozengea ndizi zilizoiva mno na vyombo vya pombe. Hivyo ni ukoo mwingine. Vinzi hivyo hufuata uozo, bali nzi wa matunda huuleta. Tunapendekeza hao wadogo waitwe nzi-chachu, ili jina nzi wa matunda libaki kwa mwenye kulitoboa tunda zima.

Ndani ya ukoo huu wamo wenyeji na wageni. Mwenyeji mmoja, ajulikanaye kwa wanasayansi kama Ceratitis cosyra, hushambulia maembe na pia matunda ya mng'ong'o. Mgeni aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na Tanzania mwaka huo huo. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kuwa mdudu mpya na kumpa jina Bactrocera invadens, maana yake mvamizi. Kumbe hakuwa mpya. Mwaka 2015 uchunguzi ulithibitisha kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis aliyejulikana Asia tangu zamani, na lile jina la 2005 likaachwa. Hivyo hata wenye sayansi huita, hukosea, na hurekebisha. Kwa Kiswahili jina nzi mvamizi linaweza kubaki, kwa kuwa linaeleza tabia yake katika nchi zetu wala halidai kwamba hakuwako kwingineko.

Uvamizi huo si wa maneno matupu. Buu mmoja akionekana bandarini Ulaya, shehena yote yaweza kukataliwa. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha yenyewe upelekaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa.

Chambo, kivutio na mtego

Maneno haya matatu huchanganywa, na mchanganyiko huo huleta hasara.

Chambo ni chakula. Nzi jike hahitaji sukari peke yake. Huhitaji protini ili mayai yake yakomae. Basi hutengenezwa chambo cha protini, aghalabu kutokana na hamira, kikatiwa sumu kidogo. Kwa kuwa nzi hukifuata chambo kilipo, hakuna haja ya kuunyunyizia mti mzima. Hupakwa au kunyunyiziwa mahali padogo tu pa majani, pasipo kugusa matunda. Katika mkoa kama Tabora, unaosifika kwa asali, tofauti kati ya "kunyunyizia mti" na "kuweka chambo" ni tofauti kati ya mizinga iliyokufa na mizinga iliyo hai.

Kivutio ni harufu. Methili-yujenoli huwavuta madume wa nzi mvamizi kutoka mbali. Majike hayaifuati. Mkulima aonapo mtego uliojaa nzi hufurahi, hali majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutaga juu ya kichwa chake. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kivutio hiki kiitwe kivuta-dume. Jina lenyewe litamwonya mkulima kwamba amekamata nusu tu ya adui zake.

Mtego nao uwe wa aina mbili: mtego wa upelelezi, utundikwao ili kujua kama nzi wamefika na ni wangapi, na mtego wa kuangamiza, ambao hutundikwa kwa wingi ili kuwapunguza. Anayeutumia wa kwanza kwa kazi ya pili hujidanganya.

Usafi, kufukia na ujima

Vipeperushi vingi huagiza "usafi wa shamba". Neno hili ni pana mno. Mama mmoja wa Kitete alieleza kwamba yeye hufagia chini ya mwembe wake kila asubuhi, na kwa hakika uwanja wake uling'aa. Maembe yaliyooza alikuwa akiyatupa kwenye jalala nyuma ya nyumba. Amefanya usafi, lakini mabuu yamehama hatua ishirini tu.

Kitendo kinachotakiwa ni uokotaji: kuyaokota matunda yote yaliyoanguka, walau mara mbili kwa juma, na kuyafukia. Neno kufukia nalo lisiachwe peke yake. Tumekwisha kuona kwamba buu hutafuta sentimita chache za udongo. Mwenye kulifukia embe juujuu amemtandikia kitanda. Kipimo kiwe sehemu ya agizo: kina cha nusu mita au zaidi, au kwa lugha ya nyumbani, shimo lisilopungua kimo cha goti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali inatimia bila mafumbo.

Mwisho, wataalamu husisitiza udhibiti wa eneo zima, kwa maana nzi hajui mpaka wa kiwanja. Mwenye kuokota peke yake, huku miembe ya barabarani isiyo na mwenyewe ikidondosha matunda usiku kucha, anajaza maji katika pakacha. Kwa dhana hii hatuna haja ya kubuni neno. Kiswahili kinalo neno ujima, kazi ya pamoja isiyo ya ujira. "Ujima wa kuokota maembe" ni maneno ambayo mkutano wa mtaa utayaelewa kabla Bwana Shamba hajamaliza sentensi yake.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo ya mwandishi ni haya:

Nzi wa matunda: nzi atoboaye tunda zima na kutaga mayai ndani yake.
Nzi-chachu: nzi mdogo afuataye matunda yaliyooza na vitu vilivyochacha.
Nzi mvamizi: nzi wa matunda aliyetoka Asia na kuonekana Afrika Mashariki mwaka 2003.
Buu: mtoto wa nzi, alaye ndani ya tunda.
Bundo: mdudu aliyejifunga gambani udongoni kabla ya kuwa nzi.
Chambo cha protini: chakula chenye sumu kiwekwacho mahali padogo pa majani.
Kivuta-dume: harufu inayowavuta madume peke yao.
Uokotaji: kuyaokota na kuyafukia matunda yaliyoanguka kwa kina kisichopungua nusu mita.

Wasomaji wanaombwa watoe maoni yao, hasa walioko mikoani wenye majina ambayo hayajaandikwa popote. Istilahi si pambo la kamusi. Mwandishi alipoagana na mzee wa Kitete alimweleza habari ya nzi, ya buu na ya bundo, kwa maneno haya haya. Mzee aliinama, akafukua udongo chini ya mwembe wake kwa kidole, akaokota kipunje cha rangi ya kahawia, akakiweka kiganjani.

"Basi ndiye huyu," alisema. Kisha akainua macho kuelekea uani kwa jirani yake. "Naye yafaa akaonyeshwe."