Wateja waliochoka kusubiri kiwanda

NAFUNDISHA somo la ujasiriamali katika shule ya sekondari, na sura ya kwanza ya kitabu hunisumbua kila mwaka. Inasema mjasiriamali huanza kwa kutafuta mtaji, kisha soko. Muhula uliopita kijana mmoja, ambaye kaka yake huunda baiskeli za mizigo kando ya soko letu, alinyoosha mkono: "Mwalimu, kaka alianza na baiskeli yake mwenyewe iliyovunjika. Yeye yumo katika sura ipi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilipolipata lilitoka mbali, California nchini Marekani, ingawa mwishowe liliturudisha hapahapa Rwanda.

Miaka ya 1970, huko Marin, kaskazini mwa San Francisco, kulikuwa na kundi la vijana waliopenda kuteremka milima kwa baiskeli katika njia za vumbi. Madukani hapakuwa na baiskeli ya kazi hiyo. Basi wakaokota baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene, wakang'oa madigadi na vikorokoro vyote, wakapanda nazo mlimani.

Oktoba 21, 1976 wakaanza kushindana karibu na mji wa Fairfax. Mashindano hayo yaliitwa Repack, na jina hilo lina kisa. Breki ya nyuma, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, ilipata moto hadi grisi ikaungua na kufuka moshi. Kila walipofika chini iliwabidi kuifungua na kuijaza grisi mpya.

Kila kilichovunjika kilimfundisha mtu jambo. Gary Fisher alifunga gia na breki madhubuti zaidi, wenzake wakatazama na kuiga. Charlie Kelly alimwomba rafiki yake Joe Breeze, mshindani hodari wa Repack, amtengenezee fremu mpya kabisa. Breeze alimaliza baiskeli ya kwanza mwaka 1977, na zilipokamilika zote zilikuwa kumi. Hiyo ya kwanza sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Mwaka 1979 fundi Tom Ritchey alikuwa na fremu tisa zisizo na wanunuzi. Aliwapa Fisher na Kelly wamuuzie. Wawili hao walichanga dola mia chache, wakafungua kampuni na kuiita MountainBikes. Hawakuhitaji utafiti wa soko, kwa kuwa walikuwa wakiteremka nalo mlima kila mara.

Sehemu inayofuata wanafunzi wangu hawakuipenda. Jina hilo hawakuweza kulilinda, likawa la kila mtu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, iliyoundwa kwa wingi Japani na kuuzwa kwa bei nafuu zaidi. Fisher na Kelly waliachana mwaka 1983. Fisher aliendelea kivyake, na mwaka 1993 Trek ikainunua biashara yenye jina lake. Mwaka 1996 mchezo wao uliingia Olimpiki.

"Waliibiwa," alisema yule kijana. Mimi sina hakika. Wao wenyewe waliigana tangu siku ya kwanza, na bila kuigana baiskeli ile isingekuwapo.

Ritchey huyohuyo alifika Rwanda mwaka 2005. Aliona igicugutu, baiskeli ya mbao ambayo jirani zetu wa Goma huiita chukudu, magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi chakavu. Mwaka 2006 yalifanyika mashindano ya Wooden Bike Classic, na Ritchey akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Juhudi zake zilichangia kuzaliwa kwa Team Rwanda. Adrien Niyonshuti alishindana kwa baiskeli ya mlimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza Afrika.

Lakini igicugutu ilikuwapo kabla ya mgeni. Nilikosomea ukimbizini, Karagwe, mchukuzi mmoja wa ndizi aliongeza bomba la pili kwenye fremu ya Phoenix yake kwa sababu ya kwanza ilikuwa imekatika. Wachukuzi wenzake wakamletea zao. Mwaka mmoja baadaye hakubeba ndizi tena, alichomelea tu. Sisi tulimwita fundi, na hatukuona la zaidi.

Nilimwalika kaka wa kijana yule aje darasani. Hakuja, siku hiyo ilikuwa ya soko, ila alituma baiskeli. Tuliipima keria, kijana akaandika vipimo ubaoni. Kisha akavifuta haraka. Kuna karakana mjini, alisema, imeanza kuunda keria kama hiyo kwa bei ya chini, na kaka ameagiza vipimo visinakiliwe.

Wanafunzi wawili walikuwa wamekwisha kunakili.