Si kila gundi inafaa kupaka koni ya spika kuukuu

SPIKA kuukuu zingali na thamani kubwa katika nyumba na makanisa mengi ya Ukambani. Kathiani, ng'ambo ya milima ya Iveti ukitoka mjini Machakos, ni miongoni mwa sehemu ambazo wazee wanakumbuka enzi za santuri, wakati spika za aina hii zilitoa nyimbo za benga za Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, kabla ya mwanamuziki huyo kufariki mwaka 1987. Ndizo pia zilizopeperusha matangazo ya Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 lilibadilishwa jina na kuwa KBC.

Miaka inapopita, koni ya karatasi hukauka na kuraruka, nayo kingo zake hupasuka. Dawa ya kupaka iliyotumiwa kiwandani ni adimu madukani, na kununua spika mpya ya kiwango kile kile ni ghali. Fundi wa sokoni hulazimika basi kutumia kilicho karibu: gundi nyeupe ya seremala, solusheni ya kuzibia pancha au silikoni ya kuzibia vioo vya madirisha.

Njia hiyo yaweza kufaulu. Hata hivyo, kosa dogo katika kuchagua gundi huua sauti ya spika, na mara nyingi koni iliyokwisha kupakwa vibaya haisafishiki tena. Jambo la kuzingatia si gundi ipi inashika zaidi, bali ni ipi itabaki laini na nyepesi baada ya kukauka.

Sababu yake inatokana na jinsi spika inavyofanya kazi. Muundo unaotumika hadi leo ulielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, waliokuwa wahandisi wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Koili ndogo ya waya hukaa ndani ya uwazi mwembamba wa sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika koili hiyo, huisukuma mbele na kuirudisha nyuma, nayo huivuta koni inayotikisa hewa.

Koni hushikiliwa na ukingo wake wa nje pamoja na kitambaa chenye mikunjo kilicho nyuma yake. Sehemu hizi mbili sharti zinyumbuke kwa urahisi huku zikiiweka koili katikati, isije ikakwaruza sumaku.

Mpako wa kiwandani hufanya kazi tatu. Kwanza, huziba vinyweleo vya kitambaa cha ukingo ili hewa isivuje. Pili, huikinga karatasi dhidi ya unyevu. Tatu, hutuliza mitetemo isiyotakikana ambayo huifanya sauti iwe kali na yenye kelele. Kwa mfano, spika ya LS3/5A iliyobuniwa na BBC ya Uingereza katika miaka ya 1970 ilikuwa na koni ya plastiki iliyopakwa dawa maalumu kwa ajili ya kazi hiyo ya tatu.

Gundi inayokauka na kuwa ngumu huharibu mpango huo wote. Ugumu wa sehemu zinazoshikilia koni ukiongezeka mara 4, mtetemo wa asili wa spika hupanda maradufu, tuseme kutoka hezi 40 hadi hezi 80. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41. Hii ina maana kwamba mdundo unaoipa benga uhai wake utafifia, ilhali sauti ya mwimbaji itasikika kama kawaida.

Uzito nao una madhara yake. Koni na koili zikiongezeka uzito maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Ili kuirejesha, amplifaya italazimika kutoa nguvu mara 4 zaidi. Mwenye spika asiyejua hayo huongeza sauti tu, na mwishowe koili hupata joto na kuungua.

Gundi ya seremala iliyozimuliwa kwa maji yafaa kuimarisha karatasi ya koni iliyolegea, mradi ipakwe tabaka moja jembamba. Mahali palipopasuka, kipande cha karatasi ya mfuko wa majani chai hutosha kuwa kiraka, kwani ni chepesi lakini chenye nyuzi imara. Hata hivyo, gundi hiyo isipakwe kwenye ukingo, kwani aghalabu hukakamaa.

Solusheni ya pancha hunyumbuka vizuri zaidi, lakini mpira wake huzeeka kwa jua na hewa, ukanata au kupasuka. Isitoshe, mvuke wake hushika moto upesi na hudhuru ukivutwa, hivyo kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na jiko na sigara.

Silikoni hubaki laini kwa miaka mingi, ila ina kasoro mbili. Aina inayonuka kama siki hutoa asidi inayoweza kula waya. Fauka ya hayo, gundi nyingine haishiki juu ya silikoni, na hivyo atakayetaka kurekebisha baadaye atakuwa amefungiwa njia.

Kabla ya kuigusa koni, fundi mwangalifu hupaka gundi yake kwenye kipande cha kitambaa chepesi, akakiacha kikauke kwa siku mbili, kisha akakikunja. Kikipasuka au kutoa mlio wa karatasi kavu, gundi hiyo haifai. Kikinata baada ya kuanikwa juani, haifai vilevile.

Kadhalika, ni muhimu kuhakikisha kwamba koili ingali nzima. Mita ikionyesha takriban omu 6 kwenye spika ya omu 8, waya haujakatika. Koni ikisukumwa polepole kwa vidole vya mikono miwili na isikike ikikwaruza, basi tatizo liko ndani na hakuna mpako utakaolitatua.

Hali kadhalika, spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji ambao huozeshwa na unyevu wa hewa hadi ukawa unga. Ukingo wa aina hiyo haupakwi dawa. Huondolewa wote na kuwekwa mwingine.

Kwa spika ambayo ukingo wake wa kitambaa ungali mzima, tabaka moja jembamba latosha. Fundi aisikilize kwanza kabla ya kufikiria la pili, maana kuongeza mpako ni rahisi, lakini kuubandua bila kuirarua karatasi ni kazi isiyowezekana.