Istilahi za Baiskeli ya Mazoezi na Vihatarishi vya Barabarani: Mifano ya Masasi na Newala

Lugha ya baiskeli ni miongoni mwa lugha za ufundi zilizokomaa mapema katika Kiswahili, na zilikomaa bila kungoja kamati. Fundi aliyeketi chini ya mkorosho na spana yake hahitaji kamusi ili amweleze mteja ubovu wa chombo chake. Baadhi ya maneno anayotumia yalikuwapo kabla ya baiskeli kufika, nayo yakapewa kazi mpya: usukani ulikuwa wa chombo cha baharini, mnyororo ulikuwa wa kufungia, kengele ilikuwa ya kuitia watu. Mengine yalikuja pamoja na chombo chenyewe, yakavishwa irabu na kuzoeleka: breki, pedeli, tairi, fremu, pampu, keria. Gololi ni zile zile wanazochezea watoto. Tairi hujazwa upepo, wala si hewa, na atakayemwambia fundi amwongezee "shinikizo la hewa" ataeleweka baada ya kurudia mara mbili.

Msamiati huo, hata hivyo, ulikua kwa ajili ya kazi ya kubeba. Katika uwanda wa Makonde baiskeli imebeba madumu ya maji, magunia ya korosho, mkaa, wagonjwa na wanafunzi. Uwanda huo una udongo unaonyonya maji ya mvua upesi, hivyo mito ya juu ni adimu, na tangu zamani watu wake wameteremka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha. Siku hizi baiskeli ina matumizi mengine: mtu huamka alfajiri, hupanda baiskeli ambayo keria yake ni tupu, huenda mwendo wa saa moja, kisha hurudi alikotoka bila kununua wala kuuza kitu. Amefanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate baina ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila juma, na baiskeli ni njia mojawapo ya kuzipata. Umoja wa Mataifa nao uliamua mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani.

Mwanamazoezi huyu huhitaji maneno ambayo mbebaji wa magunia hakuyahitaji sana, na aghalabu huyapata katika maelezo yaliyofasiriwa kutoka lugha za kigeni. Hapo ndipo penye shida inayotuhusu. Istilahi mbovu ya ushairi humchosha msomaji tu, lakini istilahi mbovu ya mteremko yaweza kumvunja mtu mfupa wa bega.

Tuanze na neno mazoezi lenyewe. Mazoezi na mazoea ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote yametoka katika kitenzi zoea. Kwa maana hiyo zoezi ni tendo la kuuzoesha mwili jambo ambalo bado haujalizoea, nao mwili hauzoei kwa siku moja. Anayeanza akiwa Masasi, penye barabara ya lami iendayo Ndanda, ana mahali pa kuzoea kabla hajathubutu kupanda kwenda Newala. Hali ya mwili inayotokana na mazoezi huitwa kwa majina kadhaa. Wengine husema siha, wengine ukakamavu, wengine utimamu wa mwili. Siha ni pana mno, maana humhusu hata mtu aliyelala ambaye hana ugonjwa. Ukakamavu unafaa gwaride. Tukumbuke kwamba kukakamaa ni kuwa mgumu kama kijiti kikavu, na mwendesha baiskeli aliyekakamaa mikono kwenye barabara ya changarawe hurushwa na kila jiwe. Mimi naona utimamu wa mwili ndilo neno linalofaa zaidi, na kwa uwezo wa kudumu katika mwendo mrefu tunalo neno fupi lisilohitaji msaada: pumzi.

Sasa tuje kwenye hatari. Watu wengi hutumia hatari, kihatarishi na ajali kana kwamba ni kitu kimoja. Shimo lililo barabarani ni kihatarishi. Uwezekano wa gurudumu kutumbukia humo na mtu kuanguka ndio hatari. Kuanguka kwenyewe ndiyo ajali. Tofauti hii si ya kupamba lugha. Kihatarishi hukwepwa au huondolewa, hatari hupunguzwa, na ajali ikishatokea huuguzwa. Tena neno ajali lina asili ya Kiarabu ambako hutaja muda uliokadiriwa, hasa ule wa kufa, na harufu ya maana hiyo bado imo katika Kiswahili: mtu akisema "ni ajali tu" huwa amekwisha kuufunga mjadala. Kwa sababu hiyo neno kihatarishi, ingawa ni refu na baadhi ya wazee hulikunjia uso, linastahili kukaa. Linamlazimisha msemaji ataje kitu fulani mahali fulani.

Na vitu hivyo vipo. Barabara itokayo Mtwara, ikapita Newala hadi Masasi, ina urefu wa kilomita zipatazo 210. Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na changarawe, nayo imekuwa ikijengwa kwa lami sehemu kwa sehemu. Uwanda huinuka polepole kutoka upande wa pwani, kisha hukatika ghafla upande wa magharibi. Newala imekaa karibu kabisa na ukingo huo, na aliyesimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likiwa chini sana ya miguu yake. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Basi anayetoka Newala kwenda Masasi hana budi kuteremka, na anayerudi hana budi kupanda.

Njia ya udongo ina vihatarishi vyenye majina yanayojulikana: mchanga, changarawe, tope, shimo, korongo lililochimbwa na mvua, mtaro wa pembeni. Mchanga wataka maelezo kidogo, kwa kuwa mgeni huuogopa kuliko changarawe kwa kuwa unaonekana laini na mzito, ilhali ubaya wake ni mwingine: gurudumu la mbele huzama na kukataa kufuata usukani. Dawa yake ni kuulegeza mkono, kuendelea kunyonga, na kutokata kona ndani yake. Lakini kuna kihatarishi kimoja ambacho jina lake halijatulia, nacho ni yale matuta madogo madogo yaliyofuatana, mfano wa migongo ya bati, ambayo magurudumu ya magari huyachora katika barabara isiyo na lami. Baadhi ya watu huyaita rasta. Tatizo ni kwamba rasta ni jina pia la michirizi iliyoinuliwa makusudi na wahandisi juu ya lami ili madereva wapunguze mwendo. Ya kwanza ni ubovu wa barabara, ya pili ni tahadhari. Napendekeza ile ya kwanza iitwe mawimbi ya barabara, na rasta ibaki kwa hiyo ya wahandisi, huku tuta likiendelea kuwa lile moja kubwa linalokatiza barabara nzima.

Vihatarishi vinavyotembea ndivyo vikubwa zaidi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Katika jambo hili Kiswahili ni tajiri kuliko lugha tunazozifasiri. Kitenzi pita kimezaa ukoo mzima. Gari linalotoka nyuma na kukutangulia linakupita, nawe umepitwa. Magari mawili yanayotoka pande zinazokabiliana yanapishana, yaani kila moja linalipa jingine nafasi ya kupita. Anayesogea ili mwenzake apite amempisha. Mfasiri anayeandika "kupita" kila mahali ameutupa utajiri huo, na pamoja nao ameitupa tahadhari yenyewe. Hatari kubwa ya mpanda baiskeli katika barabara nyembamba haimo katika kupitwa peke yake, wala katika kupishana peke yake. Imo pale yanapotokea yote mawili kwa wakati mmoja: lori la nyuma linakupita huku linapishana na basi linalokuja, na barabara ina nafasi ya magari mawili tu. Wa tatu ni wewe. Mtu aliyefikwa na hali hiyo husema "nimebanwa," na sioni kwa nini tutafute neno jingine. Kubanwa liwe istilahi. Linajulikana, ni fupi, na linaeleza mpaka uchungu wake. Wakati wa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanapoongezeka, ni vema mpanda baiskeli asikiaye lori nyuma na kuona gari mbele ajitoe mapema hadi bega la barabara asimame, kabla hajabanwa. Hakuna aibu katika kusimama.

Lipo pia tendo la gari lililokupita kuingia mbele yako kabla halijakumaliza. Madereva huliita kuchomekea, kama mtu anavyochomekea shati ndani ya suruali. Neno hili ni la mtaani, lakini picha yake ni sahihi mno na ningependa kuliona katika vitabu vya usalama.

Yapo maneno ya kupigiana kelele barabarani, na hapo ufupi waweza kudanganya. Mpanda baiskeli akimkaribia mtu aliyejitwika kuni akapaza sauti "Kushoto!", yule wa mbele hajui kama anaambiwa aende kushoto au anaarifiwa kwamba baiskeli inapita kushoto. Nusu ya watu watasogea huku, nusu watasogea kule. "Kaa kushoto, mama!" ni maneno matatu, lakini hayana njia mbili. Kengele ipigwe kwanza, tena kwa mbali.

Nimeliacha suala la breki nyuma kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Katika maelezo ya mazoezi husomwa maagizo kama "bana breki ya kulia zaidi unapoteremka." Agizo hilo lina mtego. Katika baiskeli nyingi zilizofuata desturi ya Uingereza mkono wa kulia huamuru breki ya mbele. Katika baiskeli nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya bara, mkono wa kushoto ndio unaoamuru breki ya mbele. Baiskeli za mitumba hutoka kote huko, na mafundi nao hubadilisha waya watakavyo. Kwa hiyo "breki ya kulia" ni jina la mkono, si jina la breki, na mtu anaweza kulitii agizo kikamilifu akaruka juu ya usukani. Breki itajwe kwa gurudumu inalolisimamisha: breki ya mbele, breki ya nyuma. Na kila anayepanda baiskeli asiyoijua aisukume kwanza kwa mguu, abane mkono mmoja mmoja, aone ni gurudumu lipi linalogoma.

Sababu ya kulisisitiza jambo hili imo katika jinsi breki inavyofanya kazi. Mtu apunguzapo mwendo, uzito wake husogea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kushika barabara barabara, na la nyuma huwa jepesi. Hivyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na kwa sababu iyo hiyo ndiyo yenye kuangusha ikifungwa ghafla. Ya nyuma ikifungwa peke yake juu ya changarawe, gurudumu huacha kuzunguka na baiskeli huserereka ubavu. Kiswahili kinazo tofauti zinazofaa hapa. Kufunga breki ni kubana kwa nguvu na kwa ghafla, kama inavyosemwa katika habari za ajali. Kushika ni kazi ya breki yenyewe: "breki hazishiki" maana yake mipira yake imeisha, au ukingo wa gurudumu umelowa. Kwa kile kitendo cha kubana kidogo, kuachia, na kubana tena, ambacho ndicho hasa kinachotakiwa katika mteremko mrefu ili gurudumu lisipate moto, tunaweza kusema kudonoa breki, kama kuku adonoavyo. Ni pendekezo tu. Kilicho hakika ni kwamba mwendo hupunguzwa kabla ya kona, wala si ndani yake, na kwamba mteremkaji husogeza nyonga zake nyuma ya kiti.

Kuhusu mavazi, istilahi zimekwisha kutulia na hazihitaji maneno mengi: kofia ngumu kwa kichwa, kiakisi mwanga kwa kizibao na kwa nyuma ya baiskeli. Jua la kusini huzama upesi, na giza humkuta njiani yule aliyekadiria vibaya kupanda kwake.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. Mwendesha baiskeli linatosha kisheria, na mpanda baiskeli husemwa na wengi. Bodaboda, ambalo lilikuwa jina la baiskeli za kuvusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, limekwisha kuchukuliwa na pikipiki na halitarudi. Kwa anayeendesha kwa ajili ya mazoezi peke yake bado hatujapata neno moja, na wasomaji wa Newala na Masasi walio na neno wanalolitumia wanaombwa walilete.