Kupimwa Macho: Usiende Peke Yako

Ndugu wanakikundi, wako wanaoogopa kupimwa macho wakidhani watapasuliwa papo hapo. Sivyo.

Kwanza utaulizwa: una sukari? Kwenu kuna aliyepofuka? Sema kweli. Kisha utasoma herufi ukiwa mita 6, jicho moja moja. Hujui kusoma? Usione haya. Iko chati ya alama ya E. Waonyesha kwa mkono tu imeelekea wapi.

Halafu hupimwa presha ya macho. Usiikose hii, maana ugonjwa wake, glakoma, mara nyingi hauumi, na nuru iliyopotea hairudi. Mtoto wa jicho ni mbali: huyo huondolewa, ukaona tena.

Mwisho hutiwa dawa ya kupanua mboni. Utangoja kama nusu saa, ndipo daktari aangalie nyuma ya jicho. Dawa hiyo hutia kiwi kwa saa kadhaa. Kwa hivyo mwenye kuvuka feri ya Likoni, au kurudi kwa vichochoro vya Mji wa Kale, asiende peke yake.

Basi mkikutana, andikeni majina: nani anapimwa, na nani atamshika mkono?