Mertesacker, beki kisiki aliyecheza na hofu tumboni

MEI 27, 2017 Arsenal iliingia Wembley kucheza fainali ya Kombe la FA na Chelsea, mabingwa wapya wa England, huku ukuta wake ukiwa umebomoka. Laurent Koscielny alikuwa na kadi nyekundu, Gabriel Paulista majeruhi. Akabaki Per Mertesacker, mkongwe wa miaka 32 ambaye kwenye ligi msimu mzima alikuwa amecheza dakika 37 tu.

Mbele yake walikuwapo Diego Costa na Eden Hazard. Wengi walijua jamaa anakwenda kuumbuka. Wapi! Alikata mipira, akashinda vichwa na kuwapanga Rob Holding na Nacho Monreal pembeni yake kama vile hajawahi kukaa nje. Costa alifunga moja, lakini Arsenal ikashinda 2-1 na kubeba kombe.

Huyo ndiye Mertesacker. Mjerumani mwenye urefu wa mita 1.98, mbio hana, mbwembwe hana. Silaha yake ilikuwa kusoma mchezo: fowadi anapowaza pasi itakwenda wapi, yeye ameshafika.

Alianza na klabu ya nyumbani, Hannover 96, akaonja Bundesliga 2003. Mwaka uliofuata Jurgen Klinsmann akamwita timu ya taifa. Mwaka 2006 akahamia Werder Bremen na 2009 akatwaa Kombe la Ujerumani.

Agosti 2011 Arsenal ilichapwa 8-2 na Manchester United. Siku tatu baadaye Arsene Wenger akamsajili. Mwanzoni alichekwa kwa uzito wake, lakini taratibu akawa mhimili, halafu nahodha.

Nusu fainali ya Kombe la FA 2014 alisababisha penalti, Wigan ikaongoza. Zikiwa zimebaki dakika chache, akapanda na kusawazisha kwa kichwa. Arsenal ikavuka kwa matuta na baadaye ikabeba kombe, ikiumaliza ukame wa miaka tisa. Fainali ya 2015 alifunga tena, Aston Villa ikila 4-0.

Kiangazi hicho cha 2014 alikuwa Brazil na Ujerumani. Joachim Low alimpiga benchi kuanzia robo fainali. Hakununa. Aliingia mwishoni mwa fainali na Argentina, akatoka bingwa wa dunia, kisha akastaafu timu ya taifa akiwa na mechi 104.

Nyuma ya pazia

Machi 2018, miezi michache kabla ya kutundika daluga, ndipo akafunguka kwa jarida la Der Spiegel. Alisema siku ya mechi tumbo lilikuwa likimsumbua tangu asubuhi. Sekunde chache kabla ya filimbi ya kwanza alipatwa na kichefuchefu hadi machozi yakamlengalenga, akageuza uso ili watu wasione.

Akaeleza pia kwamba Ujerumani ilipotolewa na Italia nusu fainali ya 2006, tena nyumbani, aliumia, lakini zaidi alihisi ahueni. Presha ilikuwa imekwisha.

Wapo waliomshangaa: mshahara wote ule, halafu analalamika? Lakini Mertesacker alikuwa na sababu ya kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Kipa Robert Enke, aliyecheza naye Hannover na timu ya taifa, aliugua sonona kwa siri hadi alipojiua Novemba 2009.

Shabiki humwita beki wa kuaminika yule asiyekosea, akadhani kazi hiyo kwake ni nyepesi. Kwa Mertesacker kila kosa alilolikwepa lilikuwa na gharama, na aliilipa kimyakimya kwa miaka 15.

Alipostaafu 2018, Arsenal ilimkabidhi akademi yake. Vijana wanaotetemeka kabla ya mechi wakapata bosi anayejua hasa wanachokisikia tumboni.