Meza ya Kuwekea Tunu

Katika mwaka 1876 msafiri Stanley alifika Karagwe, naye Mukama Rumanyika akamwonyesha nyumba ya msonge iliyohifadhi tunu zake. Humo mlikuwa na bata na ng'ombe wa shaba, mikuki iliyofuliwa kwa ustadi, na vyombo vya maziwa vya mti. Kiti cha mfalme kilikuwa kimechongwa katika gogo moja, pasipo kiungo wala msumari.

Katika karne hiyo hiyo matajiri wa Ufaransa nao walionyesha tunu zao, ila juu ya meza: meza ndogo, yenye miguu iliyopinda mfano wa mguu wa nyuma wa mbuzi, na kifuniko cha kioo, ili mgeni aone asiguse. Mtindo wake uliigwa kwa samani za zamani za Mfalme Louis wa 15, aliyetawala tangu 1715 hata 1774. Fundi wa kazi hii huitwa kwa Kifaransa ébéniste, neno litokalo katika jina la mpingo, mti mweusi uliopendwa sana Paris katika karne ya 17.

Mtu akiitazama meza hiyo hudhani kuwa yote ni mti wa thamani. Sivyo. Mara nyingi ndani yake ni mwaloni, nao umebandikwa kwa gundi ubao mwembamba sana wa mti wenye maua mazuri. Wala huo si udanganyifu. Miti ya namna hiyo ni haba, tena mingi hujipinda na kupasuka ikitumiwa nzima.

Adui wa seremala ni unyevu. Tazama mlango wa mbao huko Kyerwa: wakati wa masika hukwama, na kiangazi hufunguka bila taabu. Mti hunywa maji ya hewa ukavimba, kisha hukauka ukanywea. Walakini hunywea kwa upana, si kwa urefu. Basi fundi akipigilia ubao mpana misumari pande zote mbili, kiangazi kikifika ubao hutaka kujikunja, misumari inakataa, nao hupasuka. Fundi stadi huunga fremu kwa ulimi na tundu, akauingiza ubao wa kati katika mfereji wa fremu pasipo gundi, upate nafasi ya kuvimba na kunywea.

Hata hivyo ufundi huo haufai kitu mti ukiwa mbichi. Mbao hupangwa kivulini, zikitengwa kwa vijiti ili upepo upite kati yake. Na ubao wenye unene wa inchi moja huachwa hapo kiasi cha mwaka mzima.