Nusura Arudishwe Bandarini: Charles Steinmetz, Bingwa wa Umeme

Ndugu msomaji, ile transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako ina deni kwa mtu mmoja ambaye nusura azuiwe bandarini kwa sababu ya umbo lake.

Mtu huyo ni Charles Steinmetz. Alizaliwa mwaka 1865 mjini Breslau, wakati huo katika dola ya Prussia, na ambao leo ni Wrocław, nchini Poland. Alizaliwa na kibiongo, kama baba yake na babu yake. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikuzidi sana futi 4. Chuo Kikuu alisomea hesabu, lakini pia alijiunga na wasoshalisti, ambao serikali ya Bismarck iliwapiga marufuku. Mwaka 1888, polisi walipokaribia kumkamata, alitorokea Uswisi.

Mwaka 1889 aliwasili New York, hana fedha, na Kiingereza chake kilikuwa haba. Maofisa wa uhamiaji walipoliona umbo lake walitaka kumrudisha alikotoka. Rafiki aliyesafiri naye ndiye aliyemtetea, hata akaruhusiwa kuingia.

Muda si muda Marekani ikaona faida yake. Enzi hizo mashine za umeme zilipata joto kali, kwa kuwa chuma kilichomo ndani hupoteza nguvu kila usumaku wake unapogeuzwa huku na huku. Mafundi hawakuweza kuijua vyema hasara hiyo mpaka mashine iwe imekwisha kuundwa. Mwaka 1892 Steinmetz alitoa kanuni ya kuikokotoa mapema, kwenye karatasi. Mwaka uliofuata alionyesha njia nyepesi ya kupiga hesabu za umeme wa mkondo geu, ndio huu tuutumiao majumbani.

Kampuni ya General Electric ilimwajiri, naye akaishi Schenectady hadi alipofariki mwaka 1923. Hakuoa, ila alimfanya msaidizi wake kuwa mwanawe, na watoto 3 wa msaidizi huyo wakamwita babu. Aidha, aliongoza halmashauri ya elimu ya mji huo.

Msomaji, wako miongoni mwetu wazazi ambao, mgeni apigapo hodi, humficha chumbani mtoto mwenye kilema, wala shule hawamwandikishi. Ofisa wa bandarini alimpima Steinmetz kwa kumtupia jicho tu, kwani hakumjua. Sisi tulalao na mtoto nyumba moja, tutatoa udhuru gani?